Karani Aliyeipenda Nchi Yake: Maisha ya Marehemu Shaaban Robert



Kamati ya mkutano wetu imenitwika kazi ya kuandika, katika kijitabu cha mwaka huu, habari za mzalendo mmoja ambaye maisha yake yanafaa kusomwa na jamaa nzima. Majina yaliyotajwa katika kikao yalikuwa makubwa. Wapo waliomtaka Mkwawa, wapo waliomtaka Kinjeketile, na wapo waliomtaka Mwalimu Nyerere. Wote hao wanastahili, na Inshallah zamu zao zitafika. Lakini mimi nimemchagua mtu ambaye hakupata kushika mkuki wala kukaa katika kiti cha enzi. Mtu aliyeamka asubuhi, akaenda afisini, akahesabu mizigo na kunakili barua, akarudi nyumbani jioni, kisha akaandika. Huyo ni Shaaban Robert wa Tanga. Wazee wetu walikuwa majirani wa mji wake, na lugha tunayosalimiana kwayo katika ukumbi huu ilimpitia mikononi na kutoka ikiwa na nguo mpya.

Sababu ya uchaguzi wangu sitaificha. Katika mkutano wetu uliopita lilizuka neno lililotutia wengi simanzi. Mmoja wetu alisema kwamba aliyekubali pasi ya Uingereza amekwishauvua uzalendo wake. Mwingine akamjibu kwamba aliyebaki na pasi ya Tanzania, lakini hajalipa ada ya chama kwa miaka mitatu, hana la kumfundisha mwenziwe juu ya uzalendo. Watu wakacheka, kisha wakanuna, na tangu siku hiyo nyumba mbili za jamaa hii hazipigiani simu. Sina madaraka ya kuwapatanisha, na makala haya hayaamui nani alishinda. Lakini naona kwamba maisha ya karani yule wa Tanga yanaligusa neno hilo kwa karibu kuliko maisha ya shujaa yeyote wa vita.

Shaaban bin Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya Wadachi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu kabla yake, na reli ya kutoka Tanga ilikuwa ikipanda kuelekea Moshi. Alikuwa hajatimiza miaka sita Waingereza walipoleta majeshi yao ya Kihindi kwa meli mnamo Novemba 1914, wakashuka Tanga na kushindwa vibaya. Miaka michache baadaye Wadachi wakaondoka, na bendera ikabadilika. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa amekwishaona serikali mbili kabla hajaingia darasani, na zote mbili hazikumwuliza mzazi wake kama zinamfaa.

Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao. Yeye mwenyewe alijihesabu Mswahili, na alilisema jambo hilo bila ya haya wala majivuno. Naomba vijana walitazame sana neno hili, kwa sababu mnaulizwa kila siku shuleni na kazini mnatoka wapi, na najua jinsi jibu linavyowachosha. Kwa Shaaban Robert, Uswahili haukuwa hati ya nasaba ya kutundikwa ukutani. Ulikuwa kazi. Mtu alikuwa Mswahili kwa kukisema Kiswahili vizuri, kukitunza, na kuishi na majirani kwa adabu ambayo lugha hiyo imeibeba. Hata jina lake lilikuwa na mchanganyiko wa pwani: Shaaban ni mwezi wa Kiislamu, Robert ni jina la baba yake, na mwenye jina alikuwa Mwislamu safi asiyeona taabu yoyote katika hilo.

Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hadi 1926, akapata cheti chake, na hapo ndipo masomo yake ya shule yalipokoma. Hakupata kuingia chuo kikuu, maana Tanganyika haikuwa nacho. Yote aliyoyajua baadaye, nayo yalikuwa mengi, aliyapata kwa kujisomea mwenyewe. Mtu huyu ndiye aliyeweza, mwaka 1952, kutoa kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam wa Uajemi kutoka katika tafsiri ya Kiingereza. Nalitaja jambo hilo kwa wale miongoni mwetu walioacha shule mapema ili wawasomeshe wadogo zao, na ambao husema kwa unyonge kuwa wao hawakusoma.

Mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, aliajiriwa na serikali kuwa karani wa forodha. Alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1944, akihamishwa huku na huku pwani, na Pangani ikawa moja ya vituo vyake. Naomba tuitazame kazi yenyewe, maana watu huipita kwa haraka ili wafike kwenye vitabu. Karani wa forodha hukaa mahali ambapo mali hupita. Jahazi likifika, huhesabu magunia, hupima uzito, huandika hesabu na hupokea ushuru. Nahodha anataka kuondoka na upepo. Mfanyabiashara anataka namba ipungue kidogo. Na kati yao yupo kijana mmoja mwenye kalamu. Katika mji mdogo kila mtu hujua ni karani gani anayelainika. Miaka kumi na minane ni muda mrefu wa kusimama mahali hapo. Mshahara nao ulikuwa wa daraja la chini, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa na ngazi tatu: ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Kazi ikiwa moja, malipo hayakuwa moja.

Hapo ndipo penye swali linalonivuta kwake. Serikali haikuwa yake. Ushuru alioukusanya haukujadiliwa na baraza lolote ambalo baba yake alilipigia kura. Angeweza kusema, kama wengi walivyosema na wanavyosema hata leo, kwamba mali ya serikali haina mwenyewe. Hakusema hivyo. Katika maandishi yake yote kazi ni jambo la heshima, na uaminifu katika kazi ni haki ya mtu wa kawaida anayesubiri kuhudumiwa, hata kama bwana mkubwa aliye juu ni mgeni. Mama aliyekuja kulipia kapu lake la nazi hakuwa mkoloni. Kumdhulumu yeye kwa hoja ya kuichukia serikali kungekuwa dhuluma ile ile, tena kutoka kwa mwana wa nchi.

Wakati huo huo alianza kutunga. Mashairi yake yalitoka katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923 na kusomwa kwa sauti katika vibaraza vya nchi nzima. Washairi wa enzi hizo walijibizana gazetini kama watu wanaocheza bao, na jina la karani huyu likaanza kufahamika mahali ambapo mguu wake haukufika.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto wadogo. Shairi alilomwombolezea linajulikana hata na watu wasiojua kitabu kingine chochote cha Kiswahili. Marehemu shangazi yangu hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne, naye alikuwa akilighani jikoni huku anachambua mchele. Lakini kwa mkutano wa jamaa kama huu, mimi naona lipo jambo kubwa kuliko shairi hilo. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Humo hakuwaachia mashamba wala majumba. Aliwaambia jinsi ya kuishi na watu: wazazi, waume na wake, wakubwa, majirani, maskini; jinsi ya kusema, kutenda kazi na kutunza ahadi. Baadhi ya mawaidha yale, hasa yale ya mke kwa mumewe, mabinti zetu wa leo watakunja uso wakiyasoma, nami siwalaumu. Ila nidhamu ya baba aliyekaa chini, akiwa katika msiba, akaandika beti kwa beti mambo anayotaka mwanawe ayajue, hiyo haijazeeka.

Mwaka 1944 alihamishwa kutoka forodha kwenda Idara ya Wanyama, akakaa Longido katika nchi ya Wamasai, na baadaye Mpwapwa. Kwa mtu wa pwani aliyezoea mnazi na upepo wa kusi, hiyo ilikuwa safari ya ughaibuni. Nasi tunaoishi mahali penye theluji tusicheke. Ugenini hupimwa kwa kukosa watu wa lugha na desturi zako, na maili ni kipimo kidogo. Alikwenda, akafanya kazi, na mwaka 1946 akarudishwa Tanga, katika afisi ya mkuu wa jimbo, alikokaa hadi 1952. Kisha akaingia afisi ya upimaji ardhi, hapo hapo Tanga, mpaka mwaka 1960. Jumla ya utumishi wake ni miaka thelathini na minne.

Katika miaka hiyo yote ya kuhamahama alikuwa akiandikiana barua na ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za tangu mwaka 1931 hadi 1958, zilikusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2002. Nilipokisoma nilishangazwa na kitu kimoja tu. Mtu ambaye sisi tunamwita shaha wa lugha alijishughulisha, mwaka baada ya mwaka, na mambo ya ukoo wake kwa bidii ile ile aliyoitia katika ushairi. Wakubwa wengi wa kalamu huwapenda wanadamu wote na kuwasahau ndugu zao.

Tanga aliyorudia ilikuwa mji wa mkonge, bandari na reli, wenye watu wa kila kabila. Ulikuwa pia mji wa makarani wenye fikira. Hapo ndipo Martin Kayamba alipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mwaka 1922. Shaaban Robert aliikuta desturi hiyo ya watu wa mshahara mdogo wanaokutana baada ya kazi kuzungumza mambo ya umma, naye akaiendeleza kwa njia yake. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Mji wa Tanga. Alikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki na wa halmashauri ya lugha ya Tanganyika.

Nani kati yetu amewahi kuota ndoto ya kuwa mjumbe wa baraza la mji? Kazi ya baraza ni mitaro, soko, taka, taa za barabarani na ada za vibanda. Hakuna anayetungiwa wimbo kwa ajili ya mtaro. Vikao vyake ni virefu na chai yake ni baridi. Mimi nimeitumikia halmashauri ya mtaa mmoja hapa London kwa miaka kumi na moja katika idara ya makazi, na nimewaona wajumbe wa kila namna. Walio bora si wale wanaosema sana. Ni wale waliosoma makaratasi kabla ya kikao. Siku zote nikiwatazama humfikiria Shaaban Robert akiwa na makaratasi yake ya baraza mkono mmoja na muswada wa kitabu mkono wa pili.

Halmashauri za lugha nazo zilikuwa hivyo hivyo. Usanifishaji wa Kiswahili ulianza rasmi mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, na kwa muda mrefu wakuu wake walikuwa Wazungu waliojifunza lugha hii ukubwani. Mwafrika aliyekaa katika meza hiyo alijua kwamba neno lake halina uzito sawa na la wenzake. Aliweza kususa. Akaenda, akakaa, akasema. Lugha hii tuliyoirithi, inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, na ambayo UNESCO iliipa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, mwaka 2021, ilipitia katika vikao kama hivyo.

Sasa nifike mahali pagumu. Waingereza walimpa nishani ya M.B.E., nishani ya dola yao. Alipata pia tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa ajili ya uandishi wake. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, na ndani yake upande wa Waingereza na wenzao ndio upande wa haki. Kwa mambo haya wapo waliomwita, chini chini na hata kwa sauti, mtu wa wakoloni. Neno hilo ni ndugu wa neno lililosemwa katika mkutano wetu. Alikula mkate wa Mwingereza, akapokea nishani ya Mwingereza. Uzalendo wake uko wapi?

Jibu langu si kwamba nishani haikuwa kitu. Ilikuwa kitu, na aliipokea. Lakini mtu hupimwa kwa hesabu nzima, hasa mtu aliyekuwa karani. Mwaka 1951 mchapishaji wa London alitoa kitabu chake Kusadikika. Ni habari ya nchi inayoelea angani, isiyofikika ila kwa fikira. Katika nchi hiyo kijana mmoja, Karama, anashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande zote: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alikwenda kwa taabu, akaona jinsi watu wengine wanavyoishi kwa haki, akarudi na mashauri mema. Na kila mmoja alitiwa gerezani kwa ajili ya mashauri hayo. Mwishoni mfalme anaamka, na wafungwa wanafunguliwa.

Kitabu hicho kiliandikwa na mtumishi wa serikali, chini ya serikali ambayo haikupenda watu wake waijue sheria sana. Maafisa waliokisoma waliona ngano. Wasomaji wa Tanganyika waliona nchi wanayoijua. TANU ilipozaliwa mwezi Julai 1954, watumishi Waafrika wa serikali walikatazwa kujiunga nayo. Aliyetaka kusema alipaswa kutafuta mlango mwingine, naye Shaaban Robert alikuwa amekwishaufungua miaka mitatu kabla. Na kila nikikisoma kitabu hiki nikiwa huku, nafsi yangu husimama kwa wale wajumbe sita. Walikwenda mbali, wakaona mengi, wakarudi na neno. Sisi nasi tumekwenda mbali. Swali ni kama tuna neno la kurudi nalo, au tuna masanduku tu.

Lipo jambo jingine katika hesabu hiyo. Aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika ufukara mkubwa na kuuza vyungu, ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Siti alifariki mwaka 1950, na mwandishi alikuwa amekwishaonana naye na kupata habari kutoka kinywani mwake. Maisha hayo yalichapishwa mwaka 1958. Angeweza kuchagua sultani, liwali au shehe mkubwa, na pengine angelipwa vizuri. Akachagua mtoto wa maskini, tena mwanamke, tena mwimba taarabu, akamwandikia wasifu kwa heshima ile ile wanayoandikiwa wafalme. Kwangu mimi huo ni uzalendo mkubwa kupita beti elfu tatu za vita. Nchi hupendwa kwa kuwapenda watu wake, na watu wake wengi hawana majina.

Na katika Utubora Mkulima, shujaa wake ni mtu aliyekuwa na kazi nzuri Unguja kwa tajiri, akaiacha na kurudi shamba kulima kwa mikono yake, akiamini kwamba heri ya mtu imo katika kazi inayowafaa wenziwe. Wajomba zangu walikuwa wakikibishia sana kitabu hiki. Mmoja alisema hakuna mtu mwenye akili anayeacha mshahara wa mwezi kwa ajili ya jembe. Ubishi huo uliwakalisha barazani mpaka taa ikaisha mafuta, na nadhani mwandishi angefurahi.

Miswada yake ilisafiri kuliko yeye. Mingine ilichapishwa Johannesburg, katika nchi ambayo yeye kama Mwafrika asingeruhusiwa kukaa benchi moja na msomaji Mzungu. Mingine ilikuja hapa London kwa posta na kurudi ikiwa vitabu. Kwa jumla aliacha vitabu zaidi ya ishirini, vya mashairi, hadithi, insha na habari za maisha yake mwenyewe, na vingi vilitoka baada ya yeye kufariki. Hakutajirika navyo. Usiku alioukatia kwa kuandika ulikuwa usiku wake mwenyewe, baada ya saa za serikali kwisha, na asubuhi yake alirudi afisini kama kawaida.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja nyuma. Aliuona uhuru kwa muda wa miezi sita tu, maana alifariki mwezi Juni 1962, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akazikwa kwao. Hakupata kuona Baraza la Kiswahili lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967. Leo Dar es Salaam ina barabara na shule ya sekondari zenye jina lake, na vitabu vyake vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Wanafunzi wengine humchukia kwa sababu ya mitihani, nayo ni bahati ya waandishi wakubwa wa kila lugha.

Sasa nirudi kwetu kidogo, kwa ruhusa ya wazee. Wengi wetu tulilazimika kuchagua pasi moja na kuiacha nyingine, kwa kuwa sheria ya nyumbani haikutupa nafasi ya kushika mbili. Waliobadilisha hawakufanya hivyo kwa furaha. Najua aliyelia katika choo cha ukumbi wa sherehe, kisha akanawa uso, akatoka kupiga picha na meya. Waliokataa kubadilisha nao wamelipa kwa namna yao, katika kazi walizozikosa na foleni walizopanga. Shaaban Robert aliishi maisha yake karibu yote akiwa raia wa mahali ambapo karatasi zake ziliandikwa na wengine. Hakungoja karatasi zirekebishwe ndipo aanze kutimiza wajibu wake kwa jirani, kwa afisi, kwa mji na kwa lugha.

Kwa hiyo nikiulizwa mzalendo wa jamaa hii ni nani, sitaangalia pasi. Nitamtaja dada yetu mmoja, bila ya kumwita jina, ambaye kwa miaka tisa amefungua darasa la Kiswahili kila Jumamosi katika chumba cha msikiti, wakati mwingine kwa watoto wanne tu. Nitamtaja kaka aliyeitwa kuwa mmoja wa wazee wa baraza katika mahakama ya hapa, akakaa wiki mbili akisikiliza kesi ya mtu asiyemjua, ilhali wenziwe walimfundisha visingizio vya kukwepa. Nitamtaja pia mzee anayetuma fedha za kisima cha kijijini na kudai stakabadhi ya kila shilingi, hata mafundi wakamwita bahili. Na nitasema wazi kwamba mwaka jana, baada ya wimbo wa taifa kuimbwa kwa sauti iliyotikisa madirisha, waliobaki kukunja viti na kufagia pilau sakafuni walikuwa watu sita. Ukumbi ule tuliuazima kwa jina la jamaa nzima.

Mwaka huu shauri la fedha litarudi mezani: je, mfuko wetu uende katika paa la madrasa nyumbani, au katika darasa la Jumamosi hapa? Mimi nina maoni yangu na nitayasema siku hiyo. Naomba tu kila mmoja aje akiwa amesoma hesabu ya mhazini, ambayo imechapwa katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, ili tubishane juu ya namba zilizopo.

Nitakuja na vitabu vitano vya Shaaban Robert: Maisha Yangu, Kusadikika, Utubora Mkulima, Wasifu wa Siti binti Saad na zile barua. Vitakuwa juu ya meza ndogo karibu na mlango, pale pa kujiandikishia, pamoja na daftari. Atakayeazima aandike jina lake, kitabu, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha.